Mnyalukolo Bremen: mji wa punda, kahawa na vichwa viwili

Kamwene wandugu! Niliahidi nitaandika nikimaliza mitihani, mitihani imeisha, picha mlishaziona status, leo ni maneno tu. Tulienda Bremen. Wengi mmeniuliza kwanini Bremen na sio Paris au Amsterdam wanakoenda watu wote, wengine mkasema hela imekata (hiyo nayo ipo, siwezi kukataa), ila mtu aliyekulia Iringa akakaa Ujerumani halafu asikanyage Bremen mimi namuona ana kasoro. Huo mji sisi tumeusikia tangu shule ya msingi, kabla hata hatujajua Berlin iko upande gani, maana tulivyopelekwa makumbusho ya Kalenga na mwalimu tukapangwa mstari mbele ya lile kabati la kioo lenye fuvu la Chifu Mkwawa, mzee aliyekuwa anatuelezea akasema fuvu hili lilitoka Bremen, basi mimi kichwani nikajijengea mji wa kutisha, giza tupu, nyumba za mawe na watu wenye makabati.

Kwa ambao sio wa kwetu, au ni wa kwetu ila kipindi cha historia mlikuwa mnasinzia, habari yenyewe kwa ufupi. Chifu Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wao Emil von Zelewski akafia hapohapo. Wakarudi 1894 na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga, Mkwawa akaponyoka akaendelea kuwasumbua kwa kuvizia msituni karibu miaka minne mingine, mpaka tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi alipojipiga risasi mwenyewe ili wasimpate akiwa hai. Wakakata kichwa. Mwili umezikwa Mlambalasi, kichwa kikasafirishwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha Mwingereza akaiingiza habari ya hicho kichwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, yani ule mkataba mkubwa wa kuipanga dunia upya, katikati yake kuna mstari unaoitaka Ujerumani itoe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Hiyo miezi sita ikawa miaka 35. Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na lilitokea Bremen. Jinsi lilivyopatikana huko nitaeleza mbele, maana ndipo palipo na utata.

Nilienda na mwenzangu mmoja wa Rungwe, hapa tumuite Mwaisa maana hataki jina lake lizagae. Sisi wanafunzi wa Hannover tuna tiketi inayokatwa kwenye michango ya muhula, unapanda nayo treni za mikoani nchi nzima hulipi tena, ila zile za kasi huruhusiwi, kwahiyo unasimama Wunstorf, unasimama Neustadt, Nienburg, Verden, wanapanda wazee na baiskeli zao wanashuka, na saa moja na dakika kadhaa ndio mnafika. Njia nzima tambarare. Mwaisa aliyezoea kuamka anauona mlima Rungwe dirishani kwao alikuwa anachungulia huku na huku utadhani kuna mtu kamuibia ng'ombe.

Tuliposhuka tu, makumbusho yenyewe hiyo hapo, yani iko pembeni ya stesheni kabisa, jengo kubwa la zamani, limeandikwa Übersee-Museum. Mwaisa akasema dada tuingie tumalize hili jambo. Nikamwambia hapana, kwanza nataka niuone mji ukiwa mji, nikianzia humo siku yote nitakuwa nimenuna na wewe utapata shida. Akakubali haraka sana.

Kutoka stesheni kwenda mjini kwa miguu ni mwendo mfupi, unapita bustani ndefu yenye maji na kinu cha upepo, bonge la kinu kimesimama katikati ya maua watu wanapiga selfi. Hiyo bustani ndiyo ilikuwa ngome ya mji zamani, kuta walikuja kuzivunja wenyewe miaka ya 1800 wakapanda miti. Ukuta wa Kalenga nao ulivunjwa karne hiyohiyo, tofauti ni nani alishika nyundo. Haya tuendelee, nilisema sitanuna.

Uwanja wa soko wa Bremen jamani ni mzuri. Mimi sio mtu wa kusifia majengo, nasoma mambo ya maji na mabomba, lakini pale nilisimama mdomo wazi. Kuna jumba la mji lilijengwa kati ya 1405 na 1410, uso wake wa mbele wakaurembesha upya 1608 mpaka 1612, mawe yamechongwa watu, samaki, mashetani, matunda, mpaka macho yanachoka, na vita ya pili mabomu yalianguka mji mzima lile jumba likabaki limesimama. Mpaka leo serikali ya Bremen inafanyia kazi humohumo, maana Bremen ni mkoa unaojitegemea, ndio mdogo kuliko yote Ujerumani, wako wao na Bremerhaven basi. UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, pamoja na jamaa mmoja wa mawe anayesimama mbele yake anaitwa Roland.

Huyu Roland ndio nataka mumsikilize vizuri. Ni sanamu ya askari kijana mwenye upanga na ngao, nywele za mawimbi, anatabasamu kidogo, urefu wake mita tano na nusu na ukihesabu mpaka kile kikofia cha mawe juu yake inafika mita kumi. Amesimama hapo tangu 1404. Kabla yake kulikuwa na mwenzake wa mbao ambaye watu wa askofu mkuu walimchoma moto 1366, maana wenye mji walimsimamisha kuonyesha kwamba wao ni watu huru, hawatawaliwi na askofu, sasa wakachonga wa mawe wakamgeuza alitazame kanisa la askofu uso kwa uso, yani huo ni ubishi ambao hata Mhehe anaukubali. Wanaamini Roland akisimama Bremen itabaki huru. Vita ya pili ilivyokuja wakamjengea ukuta wa kumkinga na mabomu. Jiwe lile!

Miguuni kwake katikati kuna kijitu kidogo kimechongwa, ni kilema anatambaa. Kuna kundi la wazee wa Kiingereza walikuwa na mtembeza wageni, sisi tukajibanza pembeni tukijifanya tunaangalia simu, tukapata elimu ya bure. Wanasema zamani kulikuwa na mama mmoja tajiri anaitwa Emma, wenye mji wakamuomba malisho ya mifugo, akasema nitawapa eneo ambalo mtu ataweza kulizunguka kwa siku moja, shemeji yake mwenye uchu wa urithi akaona ataliwa mali akaleta janja, akasema basi mzungukaji namchagua mimi, akamleta kilema asiyeweza kutembea. Kilema akatambaa. Akatambaa tangu asubuhi mpaka jua linazama, akazunguka eneo kubwa kuliko ambalo yeyote alitegemea, na hilo eneo lipo mpaka leo nyuma ya stesheni, linaitwa Bürgerweide, wanafanyia maonyesho. Ni hadithi tu lakini niliipenda, bibi yangu angeisimulia vizuri zaidi, angeweka na wimbo katikati.

Halafu mtembeza wageni akasema kitu ambacho wazee walikipita tu ila mimi kilinikaa. Kichwa mnachokiona juu ya Roland, alisema, sio chenyewe. Cha asili kilikuwa kinaharibika na hewa ya mjini, wakakitoa 1983 wakaweka nakala, na kile halisi kimehifadhiwa Focke-Museum, hukohuko Bremen. Mwaisa akanigeukia. Hakusema kitu, na Mwaisa kutosema kitu ni jambo la kuandikwa.

Pembeni ya lile jumba ndio kuna wale wanamuziki, punda chini, juu yake mbwa, juu yake paka, juu kabisa jogoo, sanamu ya shaba ya Gerhard Marcks. Ni hadithi ya ndugu Grimm, wanyama wazee ambao mabwana zao walitaka kuwaua kwa kuwa hawana kazi tena, wakatoroka wakasema twendeni Bremen tukapige muziki, njiani wakakuta nyumba ya majambazi wakawatisha wakakimbia, wao wakahamia humo. Ukiisoma mpaka mwisho Bremen hawakufika! Mji mzima unauza vikombe, fulana na pipi za wanyama ambao hawakuwahi kufika. Miguu ya mbele ya punda inang'aa kwa kushikwa, unaishika yote miwili kwa mikono yote miwili unaomba lako, ukishika kwa mkono mmoja wenyeji wanasema hapo ni punda anamsalimia punda mwenzie. Foleni ilikuwa ndefu. Na Mwaisa, ambaye alikuwa kimya tangu kwa Roland, akapata uhai wake wote hapo, akaanza kwa sauti, "Dada angu, naomba usimwangalie sana huyo wa pili kutoka chini, watu watatushtukia." Wahehe mnajua tunavyotaniwa kwamba tunakula mbwa, sina haja ya kueleza zaidi. Nikamwambia bora mimi wangu ni wa shaba, wewe ukiona ndizi unasahau hata jina la baba yako. Wajerumani kwenye foleni wanatuangalia tunavyocheka hawaelewi, bora hivyo.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro liko hapohapo uwanjani, minara miwili karibu mita mia kwenda juu, ndani kimya na pazuri, lakini chini yake kuna chumba wanakiita Bleikeller ambamo kuna watu waliokauka. Watu kabisa, maiti za karne ya kumi na saba na kumi na nane ambazo hazikuoza, zimelazwa kwenye majeneza yenye vioo na wageni wanalipa kuingia kuziangalia. Mimi sikuingia. Mwaisa aliingia, akatoka baada ya muda mfupi sana uso umebadilika, akasema kuna jenerali wa Kiswidi na kuna mwanafunzi aliyeuawa kwenye pambano la panga. Huyo mwanafunzi ndio alimsumbua. Akasema "kumbe hata wa kwao wanawaweka", na mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba yangu ya siku nzima kuhusu hawa watu na maiti za wenzao, ikabidi niipunguze kidogo. Ila sio yote. Mwanafunzi yule yuko kwao, chini ya kanisa lao, na anajulikana ni nani.

Schnoor ni mtaa wa zamani wa vijumba vidogo vimebanana, vichochoro ambavyo watu wawili mkikutana mmoja anageuka ubavu. Ni pazuri kwa picha, ila sasa ni maduka ya zawadi matupu. Kama una nusu saa panatosha.

Böttcherstraße ndio nilipenda zaidi, mtaa mfupi wa matofali mekundu uliojengwa miaka ya 1920 na tajiri mmoja wa kahawa, Ludwig Roselius, na kuna nyumba ina kengele 30 za kaure ya Meissen zimening'inia katikati ya mapaa mawili, zikilia mbao zenye picha za mabaharia na marubani waliovuka Atlantiki zinazunguka. Sasa huyu Roselius ndiye aliyewapa watu kahawa isiyo na kafeni, kampuni yake ya Kaffee HAG ilianza 1906 hapohapo Bremen. Mwaisa kwao wana kahawa, sio shamba la kutisha, miti kadhaa nyuma ya migomba, ila ndiyo iliyomsomesha, kwahiyo kahawa kwake ni suala la familia. Tukakaa mgahawani akaagiza, wakamuuliza unataka ya kawaida au isiyo na kafeni, akaniangalia. Akaniambia kwa Kiswahili, huku anamtabasamia dada wa watu, kwamba baba yake amepanda, amepalilia, amepulizia dawa ya kutu ya majani, amechuma moja moja, ameimenya, ameianika, ameibeba mpaka chama cha msingi, amesubiri malipo ya pili mpaka nywele zimeota mvi, halafu mtu huku anachukua anaitoa kilichomo ndani anauza ganda. Kikombe kilikuwa euro nne na senti zake, piga mwenyewe ujue ni shilingi ngapi, ni kama elfu kumi na mbili, na kikombe chenyewe kidogo. Bremen wako na kahawa tangu zamani mno, nyumba yao ya kwanza ya kahawa ilifunguliwa 1673, na mpaka sasa magunia mengi ya kahawa ya Ujerumani yanapitia bandari za upande huu. Tuliinywa. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mchana tulikula mkate wenye samaki wa siki kando ya mto Weser, mimi nilikuwa na chapati zangu kwenye mkoba pia maana siendi mahali bila akiba. Samaki ni mbichi, ana kitunguu juu. Mwaisa akasema mbasa wa Matema akisikia hili atahama ziwa. Upepo wa pale mtoni unapenya koti, na mimi nimesoma bweni Mafinga, baridi sio mgeni kwangu.

Haya, makumbusho.

Tulirudi stesheni kama saa tisa tukaingia. Makumbusho ilifunguliwa 1896, miaka miwili kabla ya Mlambalasi, na ilijengwa na pesa na mizigo ya wafanyabiashara wa bandari, meli ikienda inarudi na kitu, ndege aliyekaushwa, ngao, mtumbwi, kinyago. Mwaka 1935 waliibadilisha jina ikaitwa kabisa Makumbusho ya Kijerumani ya Makoloni na Ng'ambo, hili la sasa lilikuja baada ya vita. Ndani ni pakubwa, kuna kumbi mbili zenye paa la kioo, watoto wa shule wanakimbia, kuna Oseania, kuna Asia, kuna Afrika. Nilimuuliza mama mmoja wa mapokezi kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, nikamwambia natoka Iringa, Tanzania, nataka kujua habari za fuvu la Mkwawa. Hakushtuka. Alinielekeza vizuri sehemu wanayoeleza historia ya makumbusho yenyewe na ukoloni, akaniambia pole, nikashindwa kujua nijibu nini nikasema asante.

Sasa sikieni. Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alivyokuja hapa 1953 alikuta mafuvu kama elfu mbili. Elfu mbili. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yametoka upande wetu, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Atajuaje la Mkwawa ni lipi? Walishapima vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai kule nyumbani, wakatafuta mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana, katika hayo wakatafuta lenye tundu la risasi, likapatikana moja, wakasema hili. Ndilo likarudi, Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ndiye akalipokea Kalenga mbele ya maelfu ya watu, na ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu miaka mingi. Kama ni lenyewe au sio lenyewe wasomi wanabishana mpaka kesho.

Mimi nilichokuwa nawaza pale ni kingine. Hawa ni watu wanaojua kutunza. Kichwa cha Roland kilianza kula hewa wakakitoa, wakachonga kingine, cha asili wakakiweka ndani, kinajulikana kilitoka wapi, mwaka gani, kwanini. Jiwe tu. Na mkono uleule wa kuandika na kutunza ndio uliokuwa unapanga mafuvu ya watu kwenye rafu, lakini hapo mtu alipofika mahali pa kuandika "huyu ni nani" hakuona umuhimu. Mkwawa walimtafuta miaka, wakaweka zawadi kwa atakayemleta, walimjua vizuri sana kuliko chifu yeyote wa huku, halafu nusu karne baadae inabidi gavana atumie rula. Kwenye habari hii yote hapo ndipo ninapokwama. Kukatwa nilishakuzoea kukusikia tangu mtoto. Kupotezewa jina ndio jipya kwangu.

Niwe mkweli pia, makumbusho ya sasa sio ile ya zamani. Wanaandika waziwazi vitu vilipatikanaje, na mwaka 2022 walirudisha mabaki ya watu Hawaii. Wengine bado wanasubiri. Hapo jirani zetu Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Novemba 2023 akaomba radhi mbele ya familia ya Nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga wakati wa Majimaji, na ndugu zake mpaka leo wanatafuta kichwa chake. Kwahiyo sisi wa Iringa ukituangalia kwa jicho hilo tuna bahati, tuna kabati la kioo la kusimama mbele yake.

Tulipotoka Mwaisa akaniburuta upande wa nyuma wa stesheni, alikuwa amesoma kwenye simu kuna tembo. Tukajua ni sanamu ya watoto. Aisee ni tembo wa matofali, mita kumi, mweusi mweusi kwa uzee, amesimama kwenye bustani inayoitwa Nelson Mandela. Walimjenga mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati makoloni yalishanyang'anywa, kuwakumbuka askari wao waliofia Afrika na kuyalilia makoloni, aliandikwa kabisa "kwa makoloni yetu", na hapo mimi na Mwaisa ndio tunasemwa, Iringa na Rungwe ni "yetu" yao. Sasa vizazi vilivyofuata badala ya kumbomoa wakamgeuza, mwishoni mwa miaka ya 1980 wakatangaza huyu sasa ni mnara wa kupinga ukoloni, wakati Namibia inapata uhuru, na pembeni yake wameweka mawe yaliyotoka Namibia kuwakumbuka Waherero na Wanama waliouawa. Mwaisa alisema yeye angemvunja, matofali akajengee choo cha shule. Mimi ningemuacha, ila lile bandiko la maelezo ningeliandika kwa herufi kubwa zaidi, maana tulivyokaa pale watu wamepita na mbwa zao (kimya, Mwaisa) hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Jumapili nikampigia bibi. Bibi yangu 1954 alikuwa mtoto mdogo, anasema alibebwa mgongoni na shangazi yake kwenda Kalenga na anachokumbuka ni vumbi, vilio na mzungu mwenye manyoya kwenye kofia. Nikamsimulia yote, Roland na kichwa chake, mafuvu elfu mbili, vipimo, tundu la risasi. Alisikiliza. Nikamwambia bibi siku hizi kuna kupima damu, vinasaba, Berlin juzijuzi hapa 2023 walipima mafuvu wakakuta ndugu walio hai kabisa kule kwa Wachaga, kwahiyo hata hili la kwetu likipimwa ubishi unaisha. Bibi akauliza, "Ukishapima ikatokea siye, utamrudisha wapi?" Nikakosa jibu. Akasema watu walishalia, ng'ombe walishachinjwa, na kwamba mtu yule alishapimwa vya kutosha, nimuache. Halafu akauliza kama nakula vizuri.

Hatujakubaliana mimi na bibi. Mimi bado nataka kujua, na nadhani kama siye basi kuna wa kwetu mwingine yuko kwenye rafu na kuna wa watu wengine yuko kwenye kabati letu, naye ana wajukuu wanaomtafuta. Ila mwenye kuamua sio mimi wala sio Bremen, ni ukoo, na bibi ana kura kubwa kuliko yangu.

Mlioko huku mkitaka kwenda: msiende Jumatatu, makumbusho inafungwa. Kitambulisho cha mwanafunzi mkionyeshe kila mahali, kinapunguza bei. Koti la upepo. Mlioko Iringa, Kalenga ni kilomita kama 15 tu kutoka mjini njia ya kwenda Ruaha, na najua kabisa kuna watu wamezaliwa Kihesa wamekulia Kihesa hawajawahi kwenda, nisiwataje. Safari ijayo Mwaisa anataka Lübeck kwa sababu ya pipi za lozi, mimi nataka Berlin, na mwenye kochi Berlin la kulaza watu wawili wasiokoroma (mmoja anakoroma) anitafute kabla muhula haujaanza.